Hesabu Sahihi, Mtu Mgonjwa

Daftari lilikuwa la jalada gumu, kurasa mia mbili, kama yale ambayo wenye maduka ya jumla huandikia madeni. Mwenye nalo ni mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, jirani yangu wa miaka mingi, mtu anayezipiga hesabu za magunia kichwani kabla wewe hujaitoa simu mfukoni. Miaka michache iliyopita alinikaribisha sebuleni kwake, akafunga mlango kwa ufunguo, akaniwekea daftari mapajani. "Wewe umesoma," akaniambia. "Pitia, halafu uniambie nimekosea wapi."

Nikapitia. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, idadi ya magunia, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, faida au hasara. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika siku ambazo shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja kumtembelea kutoka visiwani. Na kweli, kila shemeji alipotia mguu mjini, wiki ileile biashara ilikwenda mrama. Mara 14 ndani ya miezi 16. Jumla nikazikagua mwenyewe, zote zilikuwa sawa. Kutokea hapo jirani yangu alikuwa ameshafika mbali: shemeji anamloga, mke analijua hilo, na chai ya asubuhi si ya kunywa. Kwa wiki tatu alikuwa akilala saa mbili kwa usiku, zilizobaki akikesha na daftari.

Yeyote aliyekulia kando ya ziwa hili ameshaliona jibu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, mitumbwi hulala ufukweni kwa siku kama kumi hivi, dagaa huadimika na mnunuzi wa mjini huvurugikiwa mipango yote. Shemeji ni mvuvi wa dagaa. Atapata lini nafasi ya kuja mjini kama si siku za mbalamwezi? Nilimweleza hayo nikiwa na furaha ya mtu aliyetegua kitendawili. Akanitazama kwa huruma. "Sawa," akasema. "Na ni nani aliyempangia aje siku za mbalamwezi?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na makala hii ni sehemu ya utafutaji huo.

Nadhani lugha yetu imetutega kidogo hapa. Tunasema "afya ya akili", "ugonjwa wa akili", na aliyepona tunamwita mwenye "akili timamu". Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina undugu na kamba ya kumfunga ngamia mguu asitoroke. Kwetu limebaki kuwa kipimo cha werevu: mtoto anayeshika hesabu ana akili, anayeshindwa hana. Basi tukisikia mtu anaumwa akili tunaelewa kwamba imempungukia, kama jiko lililoishiwa gesi, na tiba yake ni kumjazia. Ushauri wa kwanza tunaompa ni "tumia akili". Wa pili ni "acha mawazo". Sijawahi kumsikia mtu akishtuka kwamba ushauri wa pili unaufuta wa kwanza.

Jirani yangu alikuwa akitumia akili kutushinda sote mtaani. Sisi wengine tunapata hasara, tunalaumu hali ya soko, tunakwenda kunywa chai. Yeye alikusanya takwimu. Alifanya kile ambacho walimu hutusihi tufanye: usikubali jambo bila ushahidi, andika, linganisha, tafuta sababu. Kosa lake halikuwa kwenye hatua za hoja bali mahali hoja ilipoanzia, na zaidi ya hapo, kwenye ule mlango aliokuwa ameufunga kwa ufunguo.

Hili si geni kwa wanafalsafa. John Locke, Mwingereza aliyekuwa pia tabibu, aliliandika mwishoni mwa karne ya 17: kwamba wenye wazimu hawaelekei kuwa wamepoteza uwezo wa kukata hoja. Wameunganisha mawazo mawili yasiyostahili kuunganishwa, wakaushika muungano huo kuwa ni ukweli, halafu kutoka hapo wakaenda sawasawa kabisa. Ndiyo maana, kwa maoni yake, mtu anayejiona mfalme hudai heshima na utii kwa mantiki isiyo na kasoro. Nilipoisoma sehemu hiyo niliiona kalamu nyekundu. Kabla yake Descartes, mwanafalsafa wa Kifaransa, mwaka 1641, aliwataja watu wanaoamini miili yao ni ya kioo, akawapita haraka, kana kwamba wako ng'ambo ya ukuta na yeye yuko upande huu na fikra zake safi. Locke alikuwa mwangalifu zaidi. Aliona kwamba ukuta wenyewe haupo pale tulipodhani.

Wahenga wetu nao walisema akili nyingi huondoa maarifa. Methali hii hutumika kumkebehi mjanja aliyejikwaa kwa ujanja wake, lakini mimi naichukua kwa uzito zaidi. Inatenganisha vitu viwili ambavyo shule huvichanganya. Akili inaweza kufanya kazi ndani ya chumba kilichofungwa. Maarifa lazima yatoke nje, yakutane na ziwa, na mwezi, na shemeji mwenyewe akiwa amekaa anakula ugali.

Mtu aliyeyajua haya kwa ndani ni David Hume, Mskochi. Akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi aliingia kwenye falsafa kwa pupa mpaka akaugua, hali ambayo leo pengine tungeiita sonona au uchovu mkubwa wa akili. Baadaye, katika kitabu kikubwa alichoanza kukichapisha mwaka 1739, aliifuata hoja hatua kwa hatua hadi ikamtoa kwenye kila kitu: hana uhakika kwamba yajayo yatafanana na yaliyopita, hana uhakika kwamba vitu vipo asipovitazama, hana uhakika hata na nafsi yake. Akaandika waziwazi kwamba akifika hapo hujiona amezungukwa na giza nene, na kwamba akili haiwezi kulifukuza giza hilo. Kilichomwokoa? Anasema alikula chakula cha jioni, akacheza mchezo wa dadu na kete na rafiki zake, wakaongea na kucheka, na baada ya saa tatu au nne, alipojaribu kuzirudia zile hoja, alizikuta baridi na za kuchekesha.

Kila nikipita chini ya miti ambako wazee wanacheza bao (isolo, kwa Wasukuma) namkumbuka Hume. Si kwamba bao linajibu hoja. Kete haikanushi lolote. Ila mbele ya bao kuna mtu mwingine, naye atakuambia "umedanganya, rudisha hiyo kete", na lazima uirudishe. Hume hakupona kwa kupata hoja bora kuliko ile iliyomuumiza. Alipona kwa kurudi mahali ambapo hoja yake haikuwa peke yake.

Hapa msomaji mwenye kujua mambo atanikatiza: mbona tiba ya mazungumzo inayosifiwa sana leo ni ya kutumia akili? Ni kweli, na sitaki kuipunja. Mzizi wake ni wa kale. Epiktetus, mtumwa mlemavu wa mguu aliyekuja kuwa mwalimu wa falsafa katika dola ya Roma, alifundisha kwamba watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na hukumu wanazozitoa juu ya mambo hayo. Karibu miaka 1,900 baadaye Albert Ellis, mwanasaikolojia wa New York, aliichukua sentensi hiyo na kuijengea tiba, kuanzia mwaka 1955. Katika miaka ya 1960 Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili kule Philadelphia, aligundua kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mkondo wa mawazo ya haraka ambayo wenyewe hawakuyashtukia: mimi si kitu, hakuna anayenipenda, kesho itakuwa kama leo. Akawafundisha kuyakamata, kuyaandika na kuyapima.

Imewasaidia wengi mno. Dereva wa bodaboda anayejisemea "mimi ni wa kushindwa tu" kwa sababu mkopo umemshinda mwezi mmoja anaweza kabisa kuulizwa: na ile miezi kumi uliyolipa, alikuwa ni nani? Lakini tazama vizuri kazi inavyofanyika. Beck hakusimama mbele ya mgonjwa akamhutubia. Alikaa naye, wakalitazama wazo kama watu wawili wanaokagua mtumbwi kabla ya kuununua, na mara nyingi mgonjwa alipewa kazi ya kwenda kujaribu jambo, kisha arudi aseme limekuwaje. Akili ipo, ndiyo, lakini imetolewa nje ya chumba. Mimi siku ile sebuleni nilifanya kinyume chake. Nilimpa jirani yangu hoja bora, tena kwa kiburi cha aliyepatia, na yeye akaimeza kama samaki mkubwa anavyommeza mdogo. Hoja yangu iligeuka ushahidi wake.

Tena kuna mahali ambapo hata tiba hiyo haina cha kusahihisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia Ukara, kikitoka Bugolora, Ukerewe. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Sasa mchukue Epiktetus, ambaye pia alifundisha kwamba unapombusu mwanao ujikumbushe kuwa unambusu kiumbe cha kufa, umpeleke kwa mama wa Ukara aliyepokea maiti mbili ufukweni. Amwambie nini? Kwamba kinachomtesa ni hukumu yake? Hukumu yake ni sahihi. Watoto wamekufa, kivuko kilijazwa kupita uwezo wake, na ndivyo ilivyo. Hapo hakuna wazo la kupima. Kuna matanga, kuna majirani wanaolala chini ukumbini, kuna mwanamke mwenzake anayemlazimisha kunywa uji. Ninaposikia wataalamu wapya wakiyaita matanga "mila zinazopitwa na wakati" huwa natamani wangekaa msibani siku tatu tu, wasiseme kitu.

Na hisia zenyewe si adui wa akili, ingawa tumezoea kuzipanga hivyo, akili juu na moyo chini. Mwaka 1994 Antonio Damasio, daktari wa mishipa ya fahamu mzaliwa wa Ureno, aliandika kuhusu wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo. Vipimo vya werevu walivipasi. Hesabu, kumbukumbu, lugha, vyote vilikuwepo. Kilichokuwa kimeharibika ni kuhisi. Mmoja wao aliulizwa tu achague siku ya kurudi kliniki kati ya mbili. Kwa karibu nusu saa akaorodhesha faida na hasara za kila siku, miadi mingine aliyokuwa nayo, uwezekano wa hali ya hewa, bila kufika mwisho, hadi Damasio mwenyewe akamwambia aje siku ya pili. "Sawa," akajibu, akafunga kitabu chake na kuondoka. Binadamu wa mantiki tupu tuliyemwota tangu zamani akapatikana, kumbe hawezi hata kupanga Jumanne.

Wazimbabwe wana neno ambalo mimi nimelipenda tangu nilisikie: kufungisisa. Kwa Kishona kufunga ni kufikiri, na kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi, jina wanalolipa hali ambayo madaktari wataiita sonona au wasiwasi. Sikio la Mswahili linasikia kitu kingine kabisa, kujifungia, na japo ni bahati tu ya sauti, sijaona bahati iliyolenga vizuri hivi. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili katika nchi yenye madaktari wachache sana wa aina yake, alianza kuwafundisha bibi wa mitaa ya Mbare, Harare, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Hatua ya kwanza ya kazi yao wanaiita kuvhura pfungwa, yaani kufungua fikra: mtu aeleze matatizo yake yote, kisha achague moja tu la kushughulika nalo. Jaribio lililohusisha watu 573 na kuchapishwa mwaka 2016 lilionesha kwamba waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Akili imetumika pale, tena sana. Kuchagua tatizo moja kati ya kumi na kulipangia hatua si kazi ya moyo peke yake. Ila imetumika na watu wawili, nje, kwenye mwanga, na mmoja wao ana mjukuu mgongoni.

Ningependa kuishia hapo, kwenye benchi, lakini haitakuwa haki. Maana kuna swali linalonikera. Kama utimamu ni kuiacha hoja yako isahihishwe na wengine, itakuwaje pale wengine wote wakiwa wamekosea pamoja nawe? Huku kwetu Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mojawapo ya "ushahidi" ni macho mekundu. Macho ya mwanamke aliyepuliza moto wa kuni na samadi kavu kwa nusu karne yatakuwa na rangi gani nyingine? Hoja yao ina umbo lilelile la daftari la jirani yangu: ng'ombe wamekufa, mtoto ameugua, yule bibi ana macho mekundu. Wala hakuna aliyewapeleka hospitali waliokata hoja hiyo. Mwongozo wa uchunguzi wanaoutumia madaktari wa akili wa Marekani unasema wazi kwamba imani inayokubalika na jamii ya mtu isihesabiwe kuwa ni dalili ya ugonjwa. Kwa kliniki ni kanuni ya busara, bila hiyo nusu ya dunia ingelazwa. Kwa falsafa ni aibu kubwa, kwa sababu inakiri kwamba tofauti kati ya mgonjwa na mzima wakati mwingine ni idadi ya wanaokubaliana.

Sina suluhisho safi. Ninachoweza kusema nimekipata kwa shangazi yake jirani yangu, mama wa Magu asiyejua kusoma, ambaye anaamini uchawi kama anavyoamini mvua. Aliitwa kuja kusikiliza kesi. Akakaa, akasomewa daftari lote, kalamu nyekundu na yote. Alipoulizwa maoni yake akasema, "Uchawi upo, mwanangu. Lakini huu wako una mahesabu mno."

Hakupinga imani, maana ni yake pia. Alichokitilia shaka ni namna ilivyoshikwa: mtu hapati usingizi, hagusi chakula cha mkewe, ana jibu la kila swali kabla halijaulizwa. Aliona kufuli. Sijui kama Locke angeweza kulisema vizuri zaidi, na nina hakika mimi sikuweza, na digrii yangu yote.

Kliniki alikwenda kwa kisingizio cha kichwa kuuma. Daftari akalibeba kwapani, tayari kujitetea. Nilimsindikiza, nikakaa naye ndani. Muuguzi hakulifungua. "Baba, usiku unalala saa ngapi?" akauliza. Unakula nini? Mara ya mwisho umekula chakula alichopika mama ni lini? Jirani yangu alijaribu mara mbili kumrudisha kwenye shemeji, naye kila mara akasema, "Hilo tutalifikia," akaendelea kuuliza habari za tumbo na usingizi. Daktari alipomaliza kumwona na kumwandikia dawa, yule sista akaligusa daftari kwa mara ya kwanza. "Naona unapenda kuandika," akamwambia. "Basi ongeza humo safu moja. Kila asubuhi andika umelala saa ngapi."

Zilipita kama wiki saba. Tulikuwa tumekaa nje kwake jioni, upande wa ziwa mwezi unatoka, mkubwa, na mitumbwi ya dagaa imelala. "Au labda ni mwezi tu," akasema, bila kuulizwa. Safari hii nilifunga mdomo.

Shemeji bado hampendi sana, lakini hilo si ugonjwa. Dawa anakunywa. Daftari anaendelea nalo, na juzi nilipopita kununua dagaa wa nyumbani alinionesha ile safu mpya: sita, saba, sita, saba na nusu. Jumanne palikuwa patupu. Nikamuuliza vipi. Akasema usingizi ulimchukua mpaka jua likawa juu, akakimbilia mwaloni, hakukumbuka kuandika.